Wageni wa Gitonga

Jioni hiyo Makena alikuwa na kazi moja tu: kumchukua mumewe uwanja wa ndege, amfikishe nyumbani kwao ughaibuni, Brooklyn Park, kisha alale, maana asubuhi alikuwa na shifti katika nyumba ya wazee anakofanya unesi. Mume alikuwa anatoka likizo. Na si likizo ya kwenda Meru kusalimia wazazi, la hasha. Wanaume wawili wazima, Gitonga na rafikiye Duncan, wanaopakia mizigo pamoja kwenye ghala kule Shakopee, walijinyima mwaka mzima ili wakazunguke Ulaya siku kumi na mbili wakionja bia. Cheki, Ujerumani, Ubelgiji. Kiwanda hadi kiwanda, vile vya kale vinavyopika bia kwenye masufuria ya shaba. Makena alinuna wiki nzima, halafu akampangia nguo kwenye sanduku, soksi kwa soksi. Alimpenda sana, afanyeje?

Gitonga alitoka peke yake. Duncan alikuwa ameshachukuliwa na dada yake. Hakumkumbatia mkewe. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akasimama ameushika.

Akaendelea kuushika...

Gari likadidimia nyuma. Kidogo. Tena kidogo. Tena.

Makena akamuuliza anamngoja nani. Gitonga akashtuka, akasema hata hajui, akafunga mlango, akaja kuketi mbele. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Una maji?" akanong'ona.

Zilikuwako chupa nne. Ziliisha kabla hawajafika nusu ya njia. Na ndani ya gari kulikuwa na harufu. Jiwe lililolowa, hamira iliyochacha, mbao zilizooza. Makena akashusha kioo, baridi ya Oktoba ikaingia, lakini harufu haikutoka. Akajisemea ni pombe tu, mtu akioga itaisha.

Asubuhi alikwenda jikoni kuchukua maji ya kwenda nayo kazini. Katoni ilikuwa pale pale, chupa ishirini na nne, vifuniko havijaguswa.

Zote tupu.

Maziwa kwenye friji yalikuwa yamekauka yakawa unga. Chungu cha maua dirishani kilikuwa na udongo uliopasukapasuka. Jamani, Makena si mtu wa kutishika ovyo. Amekwisha kuwaosha maiti wengi kwa mikono yake. Lakini alirudi chumbani mbio. Akamfinya Gitonga ngozi ya mgongo wa mkono, akaiachilia.

Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama.

Kila nesi anajua maana yake. Mtu amekauka ndani. Na huyu jana alikuwa amemaliza chupa nne za maji mbele ya macho yake.

Hospitali walimpima kila kitu. Sukari sawa. Figo sawa. Wakamtundikia dripu ya kumtosha kwa muda wa saa nane, ikaisha kwa dakika kumi. Wakafikiri inavuja, wakageuza shuka, shuka zilikuwa kavu. Wakatundika nyingine, na nyingine. Mchungaji Eliezer wa kanisa lao alikuja kuomba. Sauti ikamkauka katikati ya sala, na alipoinua chupa yake ya maji akakuta hamna tone. Aliaga upesi, hakurudi tena. Makena alimkasirikia, lakini angemlaumu vipi? Yeye mwenyewe angekimbia, kama aliyelala pale asingekuwa Gitonga wake.

Siku ya tatu Duncan alikuja. Alisimama kwenye korido akizungusha kofia mikononi, akakataa kuingia chumbani. Ndipo aliposema yote.

Kiwanda chao cha mwisho kilikuwa kwenye kamji kadogo ka Ubelgiji. Mama mzee aliyewatembeza aliwateremsha hadi chumba cha chini ya ardhi wanamolazia mapipa, akawahadithia habari ya moto wa zamani. Mji ulipoungua, wapika bia kumi na mmoja walikimbilia humo. Jengo likaporomoka juu ya mlango. Mapipa yote yalikuwa yameoshwa siku hiyo, yakingoja bia mpya. Hapakuwa na hata tone la kulamba. Walipofukuliwa walikuwa wamekauka, wakazikwa chini ya sakafu ile ile.

Gitonga, glasi sita kichwani, aliwaonea huruma. Akafanya alivyokuwa akifanya babu yake Meru: akamimina bia kidogo chini kwa ajili ya wafu. Lakini babu aliwaita wafu wake mwenyewe, mmoja mmoja, kwa majina. Na akimaliza aliigeuza pembe ya pombe juu chini, wajue karamu imekwisha, warudi walikotoka. Gitonga hakutaja jina. Alisema kwa Kimeru, poleni na kiu, karibuni kwangu mnywe mshibe. Watalii wakapiga makofi. Kisha akaifunga ile glasi kwenye sweta, akaja nayo iwe zawadi ya mkewe.

"Tulicheka, shemeji," Duncan akasema. "Lakini kwenye ndege mhudumu akaniuliza kwa nini rafiki yangu anaagiza vikombe kumi na viwili vya maji."

Makena akampigia simu shangazi ya Gitonga, Margaret, kule Meru. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama glasi iligeuzwa.

"Haikugeuzwa, Shangazi."

"Na majina yao?"

Duncan alikuwa ameshapiga simu kiwandani. Majina ya wale wapika bia hakuna aliyeyaandika.

"Basi hawana wa kuwarudisha, mwanangu," shangazi akasema polepole. "Na wewe ni wa nyumba hiyo hiyo. Usiwaite. Ukisikia kitu, usijibu."

Usiku ule nyumbani Makena aliitoa ile glasi kwenye sanduku la Gitonga, akaigeuza mezani, mdomo chini. Akaenda kufunga pazia. Aliporudi ilikuwa imesimama. Akaigeuza tena. Mara tatu. Ya nne hakujaribu, akaketi sakafuni akalia mpaka kope zikavimba.

Siku ya nne, jua likizama nyuma ya maegesho ya hospitali, Gitonga alikuwa amebaki mifupa na macho. Ulimi ulikuwa mweusi. Daktari alimwita Makena pembeni, akamwambia kwa upole kwamba hawana jingine la kufanya.

Hawana jingine. Yeye alikuwa nalo.

Alifunga mlango wa chumba. Kutoka kwenye mkoba wa kazini akatoa ile glasi na mkebe wa bia. Aliyakumbuka maneno ya shangazi, neno kwa neno. Akamtazama mumewe. Akamimina bia, kwanza kwenye glasi, kisha sakafuni, akasema:

"Mwacheni. Njooni kwangu mimi."

Mashine ya moyo ikilia taratibu... pip... pip...

Kisha, karibu kabisa na sikio lake:

Glup.

Bia iliyomwagika sakafuni ikaanza kupungua, kutoka pembeni kuelekea katikati, hadi ikaisha. Harufu ya jiwe lililolowa ikamjia usoni. Na kitandani Gitonga akafungua macho. Kwenye paji la uso wake lilikuwa limetokeza tone moja la jasho. Tone moja! Siku nne mtu huyu hakuwa na hata unyevu wa ulimi. Makena alimwangukia, akamshika mashavu, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Makena... umefanya nini?"

"Nimewaita waje kwangu. Umepona."

Macho ya Gitonga yalizunguka kitanda polepole, kichwani, ubavuni, miguuni, na midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu.

"Ametoka mmoja," akanong'ona. "Kumi bado wako hapa."

Halafu akatazama juu ya bega la mkewe, akajaribu kumsogeza kando.

Lile tone la jasho likakauka mbele ya macho ya Makena. Mashine ikatoa mlio mrefu usiokatika. Manesi walipoingia mbio, Gitonga alikuwa mwepesi hivi kwamba nesi mmoja alimwinua peke yake. Kwenye karatasi waliandika kwamba sababu ya kifo haijulikani.

Kina mama wa kanisa walikuja usiku huo, wakamzunguka pale kwenye korido, wakalia naye. Yaani walilia wao. Makena alifungua mdomo, kifua kikapanda na kushuka, lakini macho yalibaki makavu. Wakasema ni mshtuko, machozi yatakuja. Mmoja akamletea maji. Akayanywa yote, akaomba mengine. Akayanywa, akaomba mengine.

Yule mama alipokwenda kujaza glasi kwa mara ya tano, Makena alivuta mkono wa sweta, akajifinya ngozi ya mgongo wa mkono, akaiachilia.

Ilibaki imesimama.