Danisa na Simu ya Saa Moja

Kila jioni, saa moja kasorobo, nilichana nywele, nikafuta meza na kuegemeza simu yangu kwenye chupa ya siki. Saa moja kamili mama alipiga simu ya video kutoka Bávaro, alikofanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Nyumbani kwetu Baní alikuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ile simu ndiyo ilikuwa mama yangu wa siku zote.

Umeme ulipokatika, Danisa wa nyumba ya jirani alikuja na vitabu vyake. Sisi tulikuwa na betri kubwa ya kuwasha taa mbili. Kwao walikuwa na mshumaa. Mtihani wake wa kuingia shule ya ufundi ulikuwa umebakiza siku kumi. Bibi alimwekea sahani ya ndizi za kuponda, naye akasoma kimya upande wa pili wa meza, simu yake ikiwa chini ya kitabu.

Ile simu ndiyo iliyonitia wasiwasi. Niligundua kuwa Danisa akiwepo, uso wa mama unaganda mdomo wazi. Nikaanza kuandika siku hizo nyuma ya daftari la hesabu. Mama kaganda mara nne, na mara zote nne Danisa alikuwepo. Tena nilikuwa nimewahi kumpa neno la siri la intaneti ya simu yangu. Nikalibadilisha, mama akaganda vilevile. Mtu mwingine angejiuliza kidogo. Mimi niliamua kwamba Danisa amepata ujanja mpya.

Jumatano mama alianza kusema, "Maireni, mwezi huu nita..." Akaganda. Hasira zikanipanda.

"Toa simu yako hapo chini," nikamwambia Danisa.

"Ya nini?"

"Unaniibia bando. Kila ukija hapa, mama yangu anakatika."

"Simu yangu haina bando hata chembe. Naangalia saa tu, nijipime kama mtihani utakavyokuwa."

"Wezi wote husema hivyo."

Alikusanya vitabu akaondoka, sahani hajaimaliza. Bibi alitoka jikoni akauliza kulikoni, nikamjibu kwamba Danisa amechoka. Huo ulikuwa uongo.

Ijumaa umeme ukakatika tena. Danisa hakuja, lakini mama aliganda kuliko siku zote. Nilitoka nje kuangalia kama amejibanza ukutani kwetu na simu yake. Nikamkuta paka tu. Dirishani kwao nilimwona Danisa ameinamia kitabu, karibu nywele zishike moto wa mshumaa. Nikarudi ndani nikiwa najionea haya.

Shangazi Fior alikuwa amepita kunywa kahawa, mkanda wake wa kupandia minara ya simu ukiwa bado kiunoni. Nikamweleza yote, na ule uongo pia, Bibi akisikia. Shangazi akasoma orodha yangu.

"Siku hizi nne umeme ulikuwepo?"

Nikafikiri. "Haukuwepo. Danisa huja ukikatika."

"Basi sikiliza. Umeme ukikatika, intaneti za majumbani zinazimika. Mtaa mzima unahamia kwenye mnara mmoja, kila mtu na video yake. Mnara ukielemewa unafanya kama zahanati, hauangalii nani kaja mwanzo. Simu ya kawaida ya sauti inapitishwa mbele, kama mgonjwa mahututi. Ujumbe wa maneno ni mdogo, unapenya. Video ni mzigo mkubwa, inangoja, na ikingoja picha inaganda. Zima video, piga simu ya kawaida."

Nikapiga. Sauti ya mama ikaja safi. Alikuwa akitaka kuniambia kwamba mwezi huu atakaa nyumbani siku tano. Nilifurahi, lakini furaha haikukaa sawasawa kifuani.

Nikaenda kwa Danisa. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba nilimsingizia, na kwamba kosa lilikuwa langu. Alifunga kitabu chake polepole. Kisha akauliza kama taa yetu bado inawaka.

Alipofika mezani, kabla hata ya kuketi, alitoa simu yake mfukoni, akaizima na kuiweka mbele yangu. Hakuna aliyemwomba. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaiwasha, nikamrudishia mkononi, nikamwambia, "Bila saa utajipimaje?" Akaichukua, akafungua kitabu.

Danisa alipokwenda zake, shangazi alinirudishia daftari langu.

"Siku uliziandika vizuri," alisema. "Ila ulikwisha mhukumu mtu kabla hujaanza kuandika, ndiyo maana hukuuona umeme. Ukimshuku mwenzako, tafuta kwanza sababu nyingine, tena itafute kwa bidii. Simu imetengemaa jioni hii hii. Danisa itamchukua muda kukuamini tena, na utamngoja."