Miaka Kumi na Mmoja Aliyoifuta Vénant

Ninyi mnaosubiri maji, wekeni madumu chini mnisikilize. Mimi Adélaïde sileti umbea, shemeji yangu Vénant mwenyewe ameniambia, "Uwaambie."

Ah, mngeiona kambi yetu hii ya wakimbizi, Nakivale, ya mwaka 2002! Tulitoka Fizi, kule Kongo, tukaingia Uganda na vitenge viwili na sufuria moja: mimi, dada yangu Constance na mumewe Vénant. Tulipewa kipande cha pori, tukakata miiba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Maharage ya kwanza kuvuna, Constance alipika sufuria nzima, akaita majirani wote, na Vénant akaimba nyimbo za kwetu mpaka sauti ikamkauka. Tulikuwa maskini, lakini jamani, tulicheka! Nautamani ule wakati.

Vénant akaanza kubeba maziwa ya kuuza kutoka kwa wafugaji wa Endiinzi, hapo jirani. Kinyankole, lugha ya wenyeji wa huku, alikisema hadi wafugaji wakamtania kwamba mama yake alimzalia kwao.

Mwaka 2013 wakaja wakimbizi wengi, na uvumi ukazagaa kwamba wapya ndio watakaopelekwa Amerika upesi. Vénant akavaa shati lililochanika, akajipaka vumbi miguuni, akaenda kujiandikisha pamoja nao. Alijiita Natanaeli, mtu asiye na mke.

"Baba Sonia, uko na akili kweli?" Constance alimwuliza. "Miaka yetu yote ya hapa unaitupa wapi?"

"Miaka haiendi fasi yoyote, mama Sonia. Ni karatasi tu. Nikifika kule nitakuita."

Karatasi tu! Wangapi hapa mmelisema neno hilo? Msiangalie chini.

Amerika haikumwita. Zikaja mashine za alama za vidole: kidole kimoja, jina moja. Ilimbidi achague, na kwa tamaa ile ile akachagua Natanaeli. Jina la Vénant likafungwa kwenye orodha ya wakimbizi. Kwenye karatasi ya familia ya Constance wakaandika kwamba mume ameondoka, na huku jioni ile ile alimpakulia ugali!

Mwaka jana Sonia, binti yao aliyezaliwa papa hapa, aliolewa na raia wa Uganda, mwenyeji wa Bwizibwera, akazaa. Vénant akasema, "Kongo sina tena mutu. Nataka nife nikiwa raia wa nchi ya mujukuu wangu." Wakaandaa faili mbili, nikawasindikiza hadi ofisi ya uhamiaji Mbarara.

Ofisa, mama mmoja mpole, alitueleza vizuri. Anayeomba uraia awe ameishi Uganda jumla ya miaka ishirini, na miezi ishirini na minne ya mwisho asiwe ametoka. Awe na mwenendo mwema, na ajue lugha ya hapa. Akafungua faili ya shemeji.

"Bwana Natanaeli, wewe ulifika 2013. Ngoja mpaka 2033."

Vénant ana miaka sitini na mitano. Alimjibu kwa Kinyankole safi, akamtajia majirani wa Endiinzi, akamtajia miaka ya ukame na ng'ombe waliokufa. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mimi naamini wewe. Lakini hii kidole ni yako, na hii maneno ulisema wewe. Ukisema ulidanganya, nitaandika hiyo pia."

Constance akavuta faili yake. "Basi hata mimi munirudishie."

"Hapana, mama Sonia," Vénant akamshika mkono. "Acha yako. Weye haukudanganya mutu."

Ofisa akasoma karatasi za dada yangu. "Mama, yako iko sawa. Lakini hapa wameandika mume yako aliondoka. Ni kweli?"

Constance alimtazama mtu aliyeishi naye miaka thelathini. Akisema ndiyo anadanganya, akisema hapana anafichua uongo wa mumewe. Vénant akajibu yeye.

"Ni kweli. Aliondoka mwaka wa 2013."

Akachukua kofia yake, akatoka nje. Nililia pale pale mbele ya watu, na sioni haya kuwaambia.

FUNZO

Ndugu zangu, usibadilishe jina lako wala siku uliyofika kwa sababu ya uvumi. Sheria inahesabu miaka uliyokaa, lakini mwenye kuitolea ushahidi ni karatasi uliyoiandikisha wewe mwenyewe. Mshika mbili, moja humponyoka. Vénant alishika majina mawili, likamponyoka lake. Kama bado una karatasi yako ya kwanza, itunze, na ukitaka kujua masharti, nenda ukaulize ofisini kabla ya kumsikiliza jirani.