Kosa la Profesa Mudathiri

Komeo la bafu lilikuwa upande wa nje. Awadia aliligundua siku waliyohamia, akamwuliza mumewe ni fundi gani mlevi aliyeweka komeo mahali ambapo anayeoga hawezi kulifikia. Kanali Tajelsiri alicheka. "Waliokaa hapa zamani walikuwa na vituko vyao," akasema, akaagiza mlango upakwe rangi mpya.

Hakumwambia kwamba nyumba ile aliijua chumba kwa chumba kabla wakubwa hawajamzawadia. Sisi majirani tuliijua pia. Miaka ile ya vita vya kusini, magari yasiyo na namba yalileta humo wahadhiri na mawakili wamefungwa macho, kwa sababu ya maneno waliyoyasema, na mahakama hawakuiona hata kupitia dirishani. Khartoum yote iliita majumba ya namna hiyo nyumba za mizimu, na mizimu yenyewe wakati huo ilikuwa bado hai, tunaisikia ikilia. Ndiyo maana Ramadhani ilipofika, wanaume walipotandika mikeka barabarani wafuturu pamoja, hakuna aliyetandika mbele ya geti la Kanali. Sinia lake la ugali wa asida lilirudi ndani kama lilivyotoka.

Mambo yalianza baada ya Ramadhani, jua la utosi, saa ambayo mji mzima umejilaza. Awadia alisikia mtu akikohoa bafuni, kikohozi cha adabu cha mwalimu anayetaka darasa linyamaze. Akafungua. Hamna mtu, ila harufu ya chaki na damu kavu. Kesho yake kikohozi kilikuwa ukumbini. Siku iliyofuata kilisogea hadi kitandani, na Awadia alipojifunika gubigubi na kuanza kusoma Ayatul Kursi, alihisi kile kikohozi kikipanda taratibu kutoka tumboni, kikipita kifuani, kikitoka kwa kinywa chake mwenyewe.

"Tajelsiri," alimnong'oneza mumewe aliporudi kutoka kazini, "kuna mtu ndani yangu."

"Joto hilo, mke wangu. Kunywa karkade ulale."

"Joto halisemi habari za vita."

Kanali akageuka. "Limesema nini?"

"Eti risasi hazitamaliza vita vya kusini. Anasema hilohilo kila mchana, halafu anapigwa, na alama nabaki nazo mimi."

Akafunua bega. Kanali aliitambua alama ya waya, maana waya ulikuwa wake.

Awadia akaacha kula. Akawa mifupa na macho, anakunywa maji ya sakafuni bafuni na kuyaita chai. Madaktari waliinua mikono. Mwishowe mama yake, Haja Sittana, alimwambia mkwewe wazi: "Mwanangu anakufa. Namleta Batuli, fundi wa ngoma ya zari, utake usitake."

Ngoma ya zari wakubwa wa Kanali waliipiga marufuku, na Kanali mwenyewe ndiye aliyewahi kuzipasua ngoma za Batuli kule Omdurman. Siku hiyo Batuli aliingia kwa mlango wa mbele, wasaidizi nyuma yake.

"Ngoma zangu nimezishona, Kanali," alisema. "Usiogope, zenyewe hazina kinyongo. Ninacho mimi."

Zari haimfukuzi jini. Humpandisha kichwani, humwuliza anataka nini, na mwenye nyumba hutoa. Wa Kihabeshi hutaka kahawa, wa Kizungu hutaka sigara. Kanali alishanunua kondoo, akadhani shughuli itaishia hapo.

Ngoma zikalia. Ubani ukatanda mpaka kuta zikapotea, na katikati ya moshi Awadia aliinuka polepole, yeye ambaye asubuhi alikuwa hawezi hata kuinua kikombe, akasimama wima mikono nyuma kama aliyefungwa kamba, kichwa kikiyumba huku na huku, na ile harufu ya chaki ikaja nzito kiasi kwamba wanawake waliziba pua kwa ncha za mitandio yao.

"Amepanda," Batuli akanong'ona. "Kanali, ngoja kwanza aseme anataka nini, ndipo uahidi."

Kanali hakungoja. Wanaume wetu huapa kwa talaka hata kumlazimisha mgeni ale, sembuse siku ya hofu. "Naapa kwa talaka, talaka tatu, lolote atakalo nampa! Amwachie tu mke wangu!"

Haja Sittana akajishika kichwa.

"Karibu, bwana," Batuli alisema. "Nani mwenzetu?"

Sauti ya mwanamume ikajibu kwa kinywa cha Awadia. "Mudathiri alifundisha historia chuo kikuu. Mimi ni jini niliyezaliwa naye, mwenzake wa siku zote. Yeye mlimzika na hamkusema wapi. Mimi hamkunizika."

"Wataka nini, bwana? Kondoo yupo. Pete? Kanzu?"

"Nataka kosa la Mudathiri. Kanali alisome mbele ya wanawake hawa."

Kanali akajibu. "Alikuwa adui wa taifa."

"Hilo ni tusi. Kosa ni lipi? Shahidi nani? Hakimu nani?"

"Sema hakuwa na kosa, baba," Batuli alimsihi. "Maneno mawili matatu, umwokoe mkeo!"

Kanali alimtazama Awadia, mbavu zikihesabika. Aliona jinsi wanawake wote walivyokuwa wakimtazama yeye. "Amri ilitoka juu," akasema.

"Basi hujanipa nilichotaka, na kiapo kimekuangukia, mkeo ameachika," ile sauti ilisema. Ikalainika. "Binti yangu, wewe si wa nyumba hii tena. Nenda. Atabaki yeye."

Awadia akaanguka mikononi mwa mama yake, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Wakamfunga mtandio, wakamtoa. Batuli akamvuta kondoo, akaondoka naye. Kanali aliwafuata mbio, lakini kwenye kizingiti cha geti miguu ilikataa. Alisukuma, akaapa, akalia. "Nimefanya nini? Mpaka lini?"

Watu huniuliza kama simwonei huruma. Simwonei. Mdogo wangu aliingizwa kwa geti lilelile, na mwenye kovu usidhani kapoa. Malipo ni hapahapa duniani.

Mwezi uliofuata kaka yake Kanali, Abdelbagi, alikuja kutoka Shendi kumtafuta. Nilikuwa barabarani akibisha na kumwulizia Tajelsiri. Kwenye ufa wa geti niliona jicho la Kanali, limejaa machozi. Alivuta pumzi amwite nduguye kwa jina. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa sauti tulivu ya afisa wa zamu, ile waliyojibiwa wake na mama zetu wote waliowahi kubisha pale.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo. Usirudi tena."

Abdelbagi aliomba radhi kwa usumbufu, akabeba mkoba wake, akaenda.