Sheria ya Nchi Nisiyoikanyaga

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mjane, mkaazi wa Mabela hapa Maskati. Nimemtoa ndugu yangu jicho. Nalisema hili mwanzo kabisa ili atakayenichukia anichukie mapema.

Nassor hatukutoka tumbo moja. Mama yake alifariki akimzaa, na mama yangu, Bi Zuwena, akamnyonyesha pamoja nami. Kwetu ndugu wa ziwa ni ndugu kamili. Tulilala kitanda kimoja, tukachapwa kwa fimbo moja. Alipokua akaenda Uingereza kusoma, akabaki huko huko.

Mimi nilibaki na udi. Mama ni fundi wa kupika udi, na vipimo vyake alinipa mimi peke yangu. Nikafungua karakana mtaa wa Wadi Kabir, nyuma ya gereji, na kila kopo nikaliandika: Udi wa Bi Zuwena. Nassor alipokuja likizo akasema atauuza Ulaya nzima, nililia kwa furaha!

Mkataba tuliuandika nyumbani kwangu, jamaa wamejaa, halua iko mezani. Ulikuwa wa Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu. Wakili wangu, binti wa jirani aitwaye Rahma, aniitaye khalti kama mama yake mdogo, alikuwa akinifasiria. Akafika pahala akasita.

"Khalti Moza, hapa pa sheria ya nchi gani pameachwa wazi, hapajajazwa," alisema. "Mkija kugombana, mtahukumiwa kwa sheria ya wapi? Nakuomba tuandike ya Oman kabla hujatia saini."

Damu ikanipanda kichwani! Kwetu siku ya heri hautajwi ugomvi, kama vile harusini haitajwi talaka. Nikainuka nikamzaba Rahma kofi mbele ya watu wote... Nikamfokea kwamba anatutilia nuksi. Mimi na Nassor, tulionyonya ziwa moja, tupelekane mahakamani? Nikamwambia Nassor ajaze mwenyewe anachotaka.

Naye akajaza. Sheria ya Uingereza, na mahakama za huko huko. Nikatia saini bila ya kuuliza, tukasoma Fatiha. Rahma akakusanya karatasi zake, shavu limemvimba, akaondoka bila ya kuonja halua.

Miaka miwili haikutimia. Nikaletewa barua: vipimo vya udi na jina la Bi Zuwena sasa ni mali ya kampuni ya Nassor, nami nisithubutu tena kuliandika jina hilo kwenye makopo yangu. Jina la mama yangu mzazi! Kumbe kulikuwa na kifungu kingine cha kumpa hayo yote, na mimi siku ile, baada ya kumpiga mfasiri wangu, sikumwacha mtu anisomee hata mstari mmoja zaidi.

Nilikwenda mahakamani hapa Maskati nikiwa na uhakika. Mimi Muomani, karakana yangu iko Wadi Kabir, mama yangu yuko hai Mabela... nani angeninyima haki? Jaji alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mimi mwenyewe nimekubali sheria ya Uingereza na mahakama za huko, basi shauri langu nilipeleke huko. Nchi ambayo sijawahi kuikanyaga!

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja karakana. Nikashika mchi wa chuma nikavunja kila kilichokuwa mbele yangu: vyungu, mizani, chupa za marashi ya mawardi. Wafanyakazi wangu walikimbilia nje. Viganja vikachanika, nami sikuacha mpaka hapakuwa na cha kuvunja tena.

Asubuhi ya pili nikaingia mtaa wa Wattaya, kwenye duka jipya ambalo Nassor alikuja kulifungua hapa hapa Maskati. Harufu ya udi wa mama ilinipokea mlangoni. Nassor alikuwa kati ya wateja, pembeni yake chetezo kikubwa cha shaba kinafuka. Aliponiona alirudi nyuma hatua moja.

"Dada Moza, tulia," alinambia. "Si wewe uliyenambia nijaze nnachotaka?"

Wasomaji wenzangu, alisema kweli. Na kweli hiyo ndiyo iliyonipandisha wazimu! Nilikinyakua chetezo na makaa yake nikampiga nacho usoni. Makaa yakamwagika shingoni, shati likashika moto. Akapiga ukelele, "Mama! Mama!" Mama gani mwengine, kama si yule yule wangu? Nikampiga tena. Nikampiga mara ya tatu, ameshaanguka. Ngozi ya mikono yangu ilibaki kwenye shaba ile, nami sikuhisi kitu. Walionitoa juu yake walikuwa wanaume wanne.

Safari hii hakuna aliyeniuliza nataka sheria ya nchi gani. Sheria ya Oman, niliyoililia kwa machozi, ilifika kabla damu yake haijakauka sakafuni. Ikanifunga.

Mama alikuja kunitazama gerezani mara moja tu. Hakukaa kitini. "Nnahamia kwa Nassor," alisema. "Hana mtu wa kumtia dawa."

Nimeshatoka sasa. Rahma nilimwendea kumwomba radhi, akanisamehe upesi hata nikaona haya. Nassor anaona kwa jicho moja, na udi wake unauzika. Karakana yangu nimeifunga.

Ndugu zangu, nakuombeni! Siku mnayopendana ndiyo siku ya kuuliza mtahukumiwa kwa sheria gani, na wapi. Ulizeni hata mbele ya halua, hata mbele ya wazee. Anayekupenda hatakasirika. Na ukishakosea kama mimi, uvumilie kosa lako, usiinue mkono!

Mimi nilitaka jina la mama libaki kwenye kopo. Leo napiga simu kumsalimu Bi Zuwena, na mwenyewe hapokei.