Uhai wa Kazuma Umebaki Moja

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mpunga pale mama yake alipomtuma Chizuru darini.

"Kalete mabua ya katani. Leo Obon, sikukuu ya wafu, inaisha, tumsindikize kaka'ako. Giza likikaza hatujawasha moto getini, haondoki. Na asiyeondoka hutafuta wa kukaa naye."

"Mama, na miaka thelathini na nne hii bado unanitisha kama mtoto?"

Mama hakucheka.

Darini kulinuka vumbi na ubani. Mabua hakuyaona. Aliona tivii kuukuu yenye kisogo, na mashine ya gemu, kaseti ikiwa bado imechomekwa. Juu yake, mwandiko wa kitoto wa wino mzito, jina la marehemu kaka yake: KAZUMA.

Lile gemu la mashujaa na mazimwi! Chizuru akatabasamu. Dakika moja tu, akajiambia.

Akawasha.

Ndo kosa hilo. Marehemu hajasindikizwa, we unamwashia mchezo wake?

Betri za kaseti zile hufa, na kumbukumbu hufutika. Hii ilikuwa nzima. Miaka ishirini na sita baadaye. Msitu mweusi, watu wawili: Kazuma, shujaa. Chizu, mganga wake.

Uhai wa Kazuma: 1.

Maandishi yakajichora polepole...

"Chizu, nipe dawa."

Akabonyeza kuponya.

"Chizu hataki."

Akabonyeza tena.

"Chizu anasubiri zamu yake."

Pedi ya gemu ikamdondoka.

Hakuna aliyejua hilo. Siku ile mama yuko kiwandani, Kazuma kabanwa na pumu, midomo ya bluu, kanyoosha mkono. Naye, mtoto wa miaka minane, kaificha dawa ya kupuliza mgongoni: "Nipe pedi kwanza!"

Kazuma akampa.

Naye akacheza. Zimwi lilikuwa linakaribia kufa, bwana. Alipogeuka...

Hiii... hiii...

Mtu anahema kwa shida. Chizuru akageuka. Hakuna mtu.

Kifua chake mwenyewe.

Hajawahi kuugua pumu maishani. Kwenye kioo cha tivii, uhai wa Chizu: 9... 8...

Akajikokota hadi mlangoni. Umefungwa kwa nje.

"Mama! Washa moto!"

Kisha njiti zikachakacha ndani ya kiberiti, upande wa pili wa mlango.

"Mabua yako jikoni tangu jana," mama akanong'ona. "Kila Obon mi nakaa humo na mwanangu. Ananiandikia yaleyale kwenye tivii hiyo. Nikasema siamini mpaka nikusikie mwenyewe."

"Mama... nilikuwa mdogo..."

"Pedi alikupa, hakukupa?"

Hiii... hiii...

"Alinipa."

"Haya. Cheza."

Ngazi zikalia chini ya miguu ya mama, moja moja, bila haraka. Nje giza likakaza, getini hakuna hata cheche. Kutoka jikoni kukaja harufu ya supu, halafu mlio wa bakuli zikipangwa mezani.

Mbili tu: ya mama na ya Kazuma.