Chupa Iliyotoka Pipa la Bluu

Kila asubuhi Severina alikuwa na kazi yake: kusugua chupa. Mama yake, Klara, alikamua alizeti na kuuza mafuta yake kando ya barabara pale Nduguti, na mafuta hayo aliyatia kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika. Severina aliziokota, akazitia mchanga na sabuni, akazitikisa mpaka zikang'aa. Bila chupa hakuna biashara, na bila biashara nyumbani hakuna unga.

Basi mapipa ya taka yalipoletwa, amani ikatoweka mtaani. Bi Yustina, afisa afya, alipita nyumba kwa nyumba akigawa mapipa mawili mawili: la kijani la mabaki ya chakula, la bluu la chupa na plastiki, ambazo gari lingezichukua zikatengenezwe vitu vingine.

"Ila chupa za dawa za shambani msitie humu," alisisitiza.

Nani alimsikiliza? Watu walikuwa wakitazamana kwa pembeni.

"Bure? Tangu lini tukapewa kitu bure?" aliuliza Mzee Simeoni, jirani yao mkulima wa vitunguu. "Hawa wanataka kuchungulia tunakula nini. Wakiona mifupa ya nyama kwako, keshokutwa unaongezewa mchango!"

"Hata mimi sina imani nao," alidakia Mama Idrissa, muuza maandazi. Pipa lake alikuwa ameshaligeuza kichwa chini, akaweka beseni juu yake.

Klara alisonya. "Ninyi mnaogopea mifupa. Mimi nimeshawajua. Wanataka chupa zetu, ili sisi wa barabarani tukose pa kutia mafuta."

Jumamosi, siku ya gari, alimwamsha Severina mapema. "Liwahi gari. Pita kwenye mapipa ya majirani, zoa chupa zote. Na usionekane."

Severina hakupenda hata kidogo, lakini alikwenda. Kwenye pipa la Mzee Simeoni alikuta chupa moja ya maji, kubwa na nzima. Alipoifungua, harufu kali ikampiga puani. Nyumbani aliisugua, akarudia tena. Harufu ilipungua, haikuisha. Alitaka kumwambia mama, ila chupa zilikuwa chache, na siku hizo mama hakuwa wa kusemeshwa. Akanyamaza. Mama akaijaza mafuta, harufu ya alizeti ikaifunika ile nyingine, na Mama Idrissa, mteja wa kwanza, akaondoka nayo.

Haukupita muda, kelele zikasikika. Mzee Simeoni alikuwa amesimama mbele ya gari la taka, fimbo mkononi.

"Si nilisema? Pipa langu limepekuliwa! Kulikuwa na chupa, haipo!"

Watu wakajaa. "Chukueni mapipa yenu!" walimfokea Bi Yustina. "Wapekuzi wakubwa!"

"Mzee wangu, gari ndiyo kwanza linafika," Bi Yustina alijitetea. "Chupa yenyewe ilikuwa ya nini?"

"Ya dawa ya wadudu wa vitunguu. Dukani walinipimia kwenye chupa ya maji."

Loo! Severina akaikumbuka ile harufu. Akinyamaza, lawama zote zingebaki kwa Bi Yustina, na hakuna ambaye angemjua. Lakini ile chupa ilikuwa jikoni kwa watu.

"Ni mimi!" alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Niliichukua mimi! Tumeitia mafuta, anayo Mama Idrissa!"

Hakusubiri kujibiwa, akatimua mbio. Alipofika, karai lilikuwa motoni na Mama Idrissa ameshaifungua chupa. Idrissa mdogo alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai, akisubiri andazi la kwanza.

"Mama, usimimine! Ina sumu!"

Mama Idrissa aliitua chupa chini. Alimvuta mwanawe kifuani.

Watu walipofika, mmoja akainua mkono amchape Severina. Klara akamzuia. "Usimguse. Mimi ndiye niliyemtuma."

Mzee Simeoni alivua kofia. "Na mimi niliambiwa nisitie chupa ya dawa, nikaona wananidanganya. Mnisamehe."

"Chupa ya dawa haisafishiki, hata uisugue na mchanga wa mto mzima," alisema Bi Yustina. "Wewe, Mama Severina, ukiniuliza chupa zinakwenda wapi, nitakujibu. Waambie wateja waje na vyombo vyao."

Klara hakubisha. Alirudi kwenye meza yake, akaifungua chupa moja baada ya nyingine na kumwaga mafuta yote shimoni.

"Mama, yote?" Severina aliuliza kwa huruma. "Nyingine si zilikuwa safi?"

"Una hakika? Mimi sina." Klara alimshika bega. "Mwanangu, ulisikia harufu ukanyamaza kwa kuniogopa. Usirudie, hata kama nimenuna. Mafuta tukimwaga, tutakamua mengine. Idrissa tungemkamua wapi?"