Kurasa Kumi na Moja za Shangazi

Shangazi yangu huandika vitabu vya watoto. Haya alitusimulia mara moja tu, akatukataza kuyarudia mbele yake.

Alikuwa amemaliza miaka miwili hajaandika hata mstari. Akaenda shamba, kwenye nyumba inayopokea waandishi kwa siku kumi. Jua zuri, meza safi, dirisha linalotazama mahindi. Aliwakuta wenzake wawili: mshairi asiyejua kusalimia, na hakimu mstaafu aliyekuja kuandika maisha yake. Hakimu alimpima kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Vitabu vya watoto," akasema. "Basi usituletee utoto hapa."

Shangazi akaingia chumbani, akashika kalamu. Maneno yakabubujika kama maji ya bomba lililopasuka. Hakuyatafuta. Kufika saa saba mchana alikuwa na kurasa kumi na moja: binti wa miaka mitano kafungiwa stoo na kaka yake, akaambiwa ahesabu mpaka elfu moja ndipo afunguliwe. Kaka mtu akaenda kucheza, akasahau. Aliporudi jioni, mle ndani kimya. Akafungua komeo polepole, na mpaka anazeeka akaapa kwamba siku hiyo yeye hakuwapo nyumbani.

Wakati wa chakula akawasomea. Hakimu akaweka kijiko chini.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, kaka yangu. Imenijia tu."

"Usiniite kaka!"

Akampokonya karatasi, akazitupa kwenye jiko la mkaa. Mshairi akasogeza kiti chake mbali na Shangazi. Mwenye nyumba naye akamnong'oneza, bila kumtazama: "Dada, kesho asubuhi uondoke. Umetuletea nuksi."

Asubuhi alikuwa anafunga begi aliposikia pumzi sikioni. Pumzi ya mtoto.

"Mia tisa tisini na saba."

Akageuka. Hakuna mtu.

"Tisini na nane."

Akanyakua begi.

"Tisini na tisa."

Kisha kimya. Huko uani, komeo likalia: *kwa!*

Wakati wa chai hakimu hakuonekana. Chumbani hayumo. Shambani hayumo. Stoo ya nyuma ya jiko ilikuwa imefungwa kwa nje. Mwenye nyumba akavuta komeo.

Hakimu alikuwa kachuchumaa pembeni, macho kayatoa.

"Nne," alikuwa akisema. "Tano. Sita."

Sauti haikuwa yake.

Walimpeleka hospitali, akarudishwa kwa watoto wake. Wanasema hadi leo anahesabu, na akikaribia elfu huanza upya.

Lakini kilichomnyima Shangazi usingizi ni ule mlango. Kwa ndani, chini kabisa, usawa wa goti la mtu mzima, rangi ilikuwa imekwaruzwa kwa kucha. Mikwaruzo mipya, myembamba, unga wake bado umelala sakafuni. Kabla hawajampeleka hospitali, Shangazi aliishika mikono ya hakimu, akaigeuza, akaitazama kidole kwa kidole.

Kucha zake zilikuwa safi.